Mgahawa unahama Chalinze: Mbezi, Kibaha au tuishie Vigwaza?

Mtoto wa Jikoni

Wakuu, salaam. Mama yangu, bi mkubwa, ana mgahawa Chalinze, upande wa kushoto ukitokea Dar, kabla hujafika njia panda ya Tanga na Morogoro. Asubuhi supu na chapati, mchana wali na ugali, jioni nyama choma. Tumeamua kuufunga mwisho wa mwaka na kusogea karibu na Dar.

Wengine mnajua yaliyotufika. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria wa Morogoro Juni 2024, Julai ikafika Dodoma, na watu wa magari madogo waliokuwa wakishuka kwa supu wakaanza kuadimika. Kiti cha kawaida hadi Morogoro ni 13,000, nani tena atakubali kukaa saa nne kwenye foleni? Na reli yenyewe haitupitii, inakwenda Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. Mabasi nayo, tangu yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, mengi yanatupita tukiwa tumeshazima majiko. Wanaokwenda Tanga na Arusha kwa gari binafsi wanakata Bagamoyo hadi Msata, Chalinze hawaioni kabisa.

Nilikokwisha kuangalia:

Mbezi, ng'ambo ya Kituo cha Magufuli. Fremu moja na kauwazi ka nyuma. 1,200,000 kwa mwezi, miezi sita mbele.

Kibaha, njia ya kuingia Tumbi. Laki nne, ila mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima. Kuna uwanja na mwembe wenye kivuli.

Mlandizi ipo ya laki mbili na nusu lakini sijaipenda, barabarani kelele na nyuma hakuna hata pa kuoshea sufuria.

Wapishi wawili wako tayari kuhama nasi. Wahudumu hapana, wana familia zao. Naomba mawazo kabla sijamkabidhi dalali hela yake.

Kondakta Mstaafu

Mbezi achana nayo. Nimeishi na abiria miaka mingi. Abiria wa stendi ana begi mkono huu, mtoto mkono ule, na jicho liko kwenye basi. Huyo hakai chini ale ugali na kuku wa kienyeji. Ananunua maji, karanga, labda chapati mbili kwenye mfuko. Halafu mabasi kadhaa yanaendelea kupakia kwenye ofisi zao Shekilango, kwa hiyo hata hao wenye haraka si wote wanashuka Mbezi.

Sufuria Kubwa

Mkuu Kondakta, unasema ya abiria, sisi tulioko Mbezi hatuwategemei abiria. Anayenilisha mimi ni bodaboda, wapiga debe, vijana wa gereji, dada wa maduka ya simu, walinzi wanaotoka zamu. Hao wanakula kila siku, mvua jua, na hawana haja ya kusoma menyu.

Ila dada/kaka Mtoto wa Jikoni, ujue unakuja kupambana na nini. Sahani kwetu ni 2,500, na hatua tatu mbele kuna mwenzangu anauza 2,000 na anaongeza mchuzi bure. Supu lazima iwe tayari saa kumi alfajiri, ukichelewa hadi saa kumi na mbili wateja wako wameshakula kwa jirani. Mkopo upo, daftari la madeni lipo, na ukimnyima mtu mkopo anahamia benchi la pili. Bi mkubwa wako ana umri gani? Simuulizii kwa dharau, kazi ya Mbezi ni ya usiku kucha.

Mtoto wa Jikoni

Sufuria Kubwa, ni kaka. Bi mkubwa ana miaka 58 na magoti yanamsumbua. Chalinze sahani tunauza 3,000 na hakuna anayelalamika, kwa sababu mbuzi tunampata kwa wafugaji kwa bei nzuri.

Hesabu Kwanza

Tuweke namba mezani. Tuseme kila sahani, ukishatoa mchele, nyama, mafuta, gesi na mkaa, inabaki 700 ya kulipia pango na watu. Kwa Mbezi, pango peke yake linataka sahani zaidi ya 1,700 kwa mwezi, yaani kama 57 kila siku bila kupumzika Jumapili. Kibaha, kwa laki nne, ni sahani 19 hivi kwa siku. Hapo hujalipa mpishi hata shilingi.

Na hiyo 700 uliizoea kwa bei ya 3,000 na mbuzi wa Chalinze. Ukiuza 2,500 na nyama ya buchani Mbezi, 700 haitakuwepo. Ikiwa 400, sahani za kulipia pango la Mbezi zinakuwa 100 kwa siku. Zinawezekana, Sufuria Kubwa ni shahidi, lakini mgeni hazifikishi mwezi wa kwanza, na miezi sita ya kodi, milioni saba na laki mbili, umeshaitoa mfukoni.

Muulize pia mwenye nyumba kuhusu kodi ya zuio. Ni asilimia 10 ya pango, wewe mpangaji mfanyabiashara unaikata na kuipeleka TRA. Wenye nyumba wengi wanakwambia "mimi nataka yangu kamili, hiyo ya TRA utajua mwenyewe." Ukikubali bila kuandika, pango lako limeshapanda.

Mkazi wa Tumbi

Kibaha naizungumzia kwa sababu nalala hapa. Kuna Kibaha mbili. Ya ofisi za mkoa inakula Jumatatu hadi Ijumaa, saa saba hadi saa tisa mchana. Jumamosi ukifungua unapika chakula cha wafanyakazi wako mwenyewe. Wengi wamefungua migahawa mizuri yenye viti vya kupendeza kwa ajili ya watumishi, kisha mwisho wa mwezi wakashangaa.

Kibaha ya pili ni ya hospitali, na hapo ndipo fremu yako ilipo kama nimeelewa sawa. Tumbi ni hospitali ya rufaa ya mkoa, haifungwi. Ndugu wa wagonjwa wanatoka Rufiji, Mafia, Kisarawe, wengine wanashinda nje siku nzima. Hao hawatafuti nyama choma. Wanataka uji wa moto alfajiri, mtori kwa mzazi, supu ya kuku isiyo na pilipili, na chombo cha kubebea kuingia nacho wodini saa za kuona wagonjwa. Bi mkubwa akiwa na mkono wa mtori, hiyo sehemu itamlisha. Akibaki na menyu ya Chalinze kama ilivyo, sijui.

Kingine, na hiki ni kikubwa: nenda kahakiki hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kuanzia Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa njia nane, na wengi walikuwa na hati mkononi. Hifadhi ya Morogoro Road upande huu ni pana kuliko mita 30 za kawaida. Usiridhike na neno la dalali wala la mwenye nyumba. TANROADS mkoa wana ofisi, nenda na ramani ya kiwanja.

Mtoto wa Jikoni

Asante sana. Ya mtori nimemsomea bi mkubwa, amecheka, kasema yeye ni Mhaya, mtori wa Wachaga atajifunzia wapi uzeeni. Lakini ndizi anazijua.

Tani Thelathini

Naendesha lori Dar hadi Tunduma, wakati mwingine navuka Zambia. Hamjamuuliza swali moja: nani hasa alikuwa anakula kwa mama? Nyote mnaongea habari za magari madogo. Sisi wa malori hatujapanda SGR. Sisi bado tupo, na tunakula vizuri, maana ukishapita Morogoro hujui mbele kuna nini.

Mimi sichagui mgahawa kwa chakula kwanza, nachagua pa kuegesha. Pawe na ardhi ngumu, taa, na mtu wa kuangalia matairi na mafuta. Chakula kikiwa kizuri ni nyongeza. Mbezi siwezi kusimama hata dakika moja. Kibaha napita. Lakini Vigwaza, kwenye mizani ya kupimia malori, nasimama nitake nisitake. Foleni ikiwa ndefu nakaa saa nzima. Na Bandari Kavu ya Kwala ilizinduliwa Julai 2025, sasa tunaingia kule kuchukua makontena. Dereva anayesubiri mzigo anakula mara tatu, anaoga, anachaji simu, anatafuta pa kulala.

Mimi ningepeleka sufuria Vigwaza. Ni karibu na Dar kuliko Chalinze, kama sharti lenu ni kusogea.

Kondakta Mstaafu

Hapo sasa umeongea, dereva.

Mzee wa Lugoba

Vijana, shikeni breki kidogo. Kama mizigo inapelekwa Kwala kwa treni na malori yanapakia Kwala, basi lori la Tunduma halitapita tena Mbezi wala Kibaha wala Mlandizi. Litatoka Vigwaza moja kwa moja, na litapita wapi? Chalinze. Mnaikimbia barabara ambayo ndiyo itabaki na malori yote. Mimi ningebaki, nikakodi uwanja wa kuegesha nyuma ya mgahawa, nikaweka mlinzi na bafu. Pale Pingo kiwanda cha vigae kina wafanyakazi wengi, nao wanakula.

Tani Thelathini

Shikamoo mzee. Ni kweli litapita Chalinze, lakini halitasimama. Nikitoka Kwala nimeshakula wakati nasubiri kupakia, nimeshalala, na tajiri ananipigia simu kuuliza nimefika wapi. Chalinze ni mwendo mfupi mno kutoka pale, kituo changu cha kwanza kitakuwa Morogoro au mbele zaidi. Lori la kutoka Dar ndilo lilikuwa linachoka likifika Chalinze kwa sababu ya foleni ya mjini.

Mtoto wa Jikoni

Mzee wa Lugoba, shikamoo. Kuhusu viwanda tuliwaza. Tenda ya chakula inataka upike mwezi mzima kwa mtaji wako ndipo ulipwe. Mtaji huo hatuna.

Tani Thelathini umenifungua macho. Nimekaa na daftari la mauzo jana usiku. Kumbe kilichoporomoka ni mchana wa wikiendi na sikukuu, ile ya magari madogo. Supu ya alfajiri na chakula cha usiku havijashuka sana, na hizo ndizo saa za malori. Sisi tulikuwa tunatazama jumla tu.

Hesabu Kwanza

Hilo daftari ungelileta tangu juzi, tusingebishana na Mbezi.

Angalizo la Vigwaza na Kwala: tangu bandari kavu izungumzwe, kila mwenye shamba ameweka kibao cha kuuza viwanja. Usinunue. Kodi, tena kwa mkataba wa mwaka mmoja wenye haki ya kuongeza. Na uliza maji yanatoka wapi. Mgahawa unaonunua maji ya boza kila siku una gharama nyingine ya pango ambayo haipo kwenye mkataba.

Sufuria Kubwa

Na wateja wa malori hawaombi mkopo, leo yupo kesho yupo Lusaka. Natamani hata mimi.

Karani wa Leseni

Naongezea ya karatasi maana watu huyaacha mpaka yanawauma.

Leseni ya Halmashauri ya Chalinze haihami nawe. Ukivuka kwenda eneo la halmashauri nyingine unaomba mpya, maombi yanafanyika kwenye mfumo wa TAUSI. Vigwaza kiutawala iko Halmashauri ya Chalinze, kwa hiyo hapo waulize halmashauri hiyo hiyo namna ya kubadilisha anuani, lakini Kwala ni Wilaya ya Kibaha. Ulizia kiwanja chenyewe kiko upande gani kabla ya kulipa.

Wafanyakazi wasiohama wana haki zao. Anayelipwa kwa mwezi anapewa notisi ya siku 28 au malipo yake. Aliyemaliza mwaka na zaidi anapata kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka kumi. Mhudumu wa miaka minne ni mshahara wa siku 28, weka kwenye bajeti ya kuhama. Mkae nao mapema, muwaeleze kwa maandishi, msiwashtukize siku ya mwisho mkiwa mnapakia viti.

Wapishi wanaohama wapimwe afya upya kama vyeti vimepita miezi sita, bwana afya wa huko atakuja wiki ya kwanza, hiyo usiwe na shaka nayo.

Mkazi wa Tumbi

Kwa hiyo Kibaha mmeiacha? Fremu ile itachukuliwa.

Mtoto wa Jikoni

Tumeiacha, dalali nimemwambia. Mbezi bi mkubwa aliikataa aliposikia saa kumi alfajiri, hata hesabu hakungoja. Tumekubaliana hivi: kabla ya kufunga Chalinze tunaweka banda la supu na chai Vigwaza, mpishi mmoja na kijana mmoja, uwanja wa kukodi kwa mwezi. Tukiona sufuria inaisha, tunahamisha kila kitu. Ikigoma, Mzee wa Lugoba atakuwa ameshinda, tutarudi kutafuta uwanja wa maegesho Chalinze.

Tani Thelathini, ukipita mizani mchana wa Jumanne nipigie, nataka unionyeshe ni upande gani madereva wanashuka, kulia au kushoto.

Tani Thelathini

Kushoto ukitokea Dar. Upande wa kulia tunarudi na magari matupu au tuna shaba ya watu, hatusimami. Jumanne nitakuwa Makambako, Alhamisi nashuka.

Karani wa Leseni

Na siku mkifunga Chalinze, msiishie kwenye kufuli. Andikeni barua TRA na halmashauri kwamba biashara pale imekoma tarehe fulani, mpate nakala yenye muhuri. Bila hiyo wataendelea kuwakadiria kodi ya mgahawa ambao haupo.