Manjano, asali au mwani: kipi kinamkinga anayepigwa mionzi?

Kibokoni_Juu:
Asalaam aleikum. Mgonjwa wa saratani ya koo aanza mionzi wiki ijayo, siku 5 kwa wiki. Nyumbani kuna manjano ya Marikiti, asali na vidonge vya vitamini E, na watu wasema apewe mwani wa Kibuyuni kwa ajili ya ayodini. Kipi kinamkinga, kwa kipimo gani, na kipi tuache?

Fizikia_Mionzi:
Wa aleikum salaam. Sehemu kubwa ya madhara hupitia kwenye maji: mionzi huyavunja maji yaliyo ndani ya seli, hapo huzaliwa radikali za haidroksili (vipande vya maji vyenye ukali mno), nazo huikata DNA kabla hujapepesa jicho. Kwa hivyo kinga sharti iwe tayari ndani ya seli, tena kwa wingi, mashine inapowashwa. Mwaka 1949 sisteini, asidi amino (kijenzi cha protini) iliyomo hata kwenye chakula, iliwakinga panya waliodungwa dozi kubwa kabla ya mionzi. Waliopewa baadaye haikuwafaa.

Unga wa manjano una kurkumini, kiini chake cha rangi ya njano, asilimia 3 hivi. Majaribio ya wagonjwa wa saratani ya matiti yalitumia gramu 6 za kurkumini kwa siku, yaani karibu gramu 200 za unga! Hata hivyo, jaribio kubwa la watu zaidi ya 600 halikuona ngozi ikinusurika kuungua. Yatieni mchuzini kama kawaida. Vidonge vyake acheni, hasa akiwa anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda).

Mwani hapana. Ayodini huijaza tezi ya shingo ili ayodini yenye mionzi, kama ile ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl 1986, ikose pa kukaa. Mashine ya hospitali haitoi ayodini.

Lishe_Pwani:
Vitamini E isimamisheni leo, tafadhali. Katika jaribio la Kanada la 2005 la wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo, waliopewa vitamini E uniti 400 pamoja na beta-karotini (rangi ya karoti) walipata madhara makali ya mionzi machache zaidi kuliko wenzao, lakini saratani ilielekea kuwarudia zaidi. Kinachokinga seli zenye afya chaweza kuukinga uvimbe wa saratani pia. Maembe na machungwa ya kula hayana neno.

Asali ndiyo yenye kazi, kwa vidonda vya mdomo tu. Malaysia, 2003, wagonjwa 40: mililita 20 (kijiko kimoja cha mezani na kimoja cha chai) robo saa kabla ya mionzi, robo saa baada yake, na tena saa 6 baadaye. Vidonda vikali vilipungua, ingawa majaribio mengine hayakukubaliana. Aizungushe polepole mashavuni na chini ya ulimi, ndipo ameze. Wengi huikoroga chaini na kuinywa. Hiyo hupita moja kwa moja, haikai juu ya vidonda. Mate yakipungua sukari huozesha meno, basi asilale na asali mdomoni.

Kibokoni_Juu:
Ana kisukari pia.

Lishe_Pwani:
Basi msianze asali bila daktari wake. Mililita 60 kwa siku ni karibu gramu 70 za sukari. Asukutue badala yake: maji safi lita 1, chumvi kijiko cha chai 1, soda ya kuokea kijiko cha chai 1, mara 4 hadi 6 kwa siku, kisha ateme. Soda ya kuokea, si magadi ya kulainishia maharagwe, hayo yatamchoma.