Naombeni ushauri: rafiki yangu hana dini, anatishiwa

Wakuu, habari zenu. Nasoma Pune, India. Rafiki yangu, mzaliwa wa hapa, haamini Mungu. Juzi aliandika mtandaoni kwamba miujiza ya guru mmoja (kiongozi wa kiroho) ni kiini macho. Sasa analala kwangu, simu inatetemeka chini ya mto usiku kucha, namba ngeni tupu. Sichukulii poa: Narendra Dabholkar, mpinga ushirikina, alipigwa risasi mji huuhuu Agosti 2013, katika matembezi yake ya asubuhi. Andiko tumelifuta, wapi! Katiba ibara ya 25 inalinda uhuru wa dhamiri, lakini kukashifu dini ni jela hadi miaka 3, ndiyo maana polisi anapaogopa.

Mliokaa India: akiripoti vitisho, anaweza kugeuziwa kesi? Na mimi mwenye viza ya masomo, kumhifadhi najiponza?