Toti ya mwisho ya chupa uliyoipenda (bourbon na rai), uliimalizaje? Tupeane uzoefu

#1, mwenye uzi

Habari zenu wakuu. Nyuzi za kufungua chupa zipo nyingi sana, mtu anapiga picha kizibo, anaelezea harufu ya kwanza, watu wanampongeza, yote sawa. Habari ya kuimaliza hakuna anayeigusa, na kwangu mimi ndo yenye mambo. Sa wale wenzangu wa bourbon (wiski ya Marekani inayotokana zaidi na mahindi) na wiski za rai (nafaka ya jamii ya ngano) naomba tuambiane hapa, ile toti ya chini kabisa uliinywa siku gani, ulikuwa na nani, na kwa nini uliona siku hiyo ndo yenyewe?

Naanza mimi. Nilikuwa na bourbon ya Elijah Craig, ile ya zamani yenye 12 kwenye lebo, yaani miaka 12 kwenye pipa. Wanaoifuatilia wanajua 2016 ile namba ikaondolewa, ya sasa ni mchanganyiko wa mapipa ya miaka 8 mpaka 12, kilevi ni kilekile asilimia 47 na mimi bado naiheshimu, ila ile ya mwanzo bana, mbao iliyokomaa, karameli nzito, halafu ukishameza kuna kauchungu ka ganda la karanga kanabaki pembeni ya ulimi muda mrefu. Ilipofika robo nikawa namimina kwa kuipimia, wiki inaisha sijaigusa. Jioni moja nimefungua tu kuinusa nikaona vanila imerudi nyuma, harufu ya mbao ipo lakini ule utamu wa juu umeanza kwenda, nikasema basi hii inaisha leo. Nikamwita kaka yangu, tukagawana nusu kwa nusu, kavu bila barafu, tukakaa nayo mpaka usiku.

Maana wiski ikishaingia kwenye chupa haizeeki tena, kuzeeka ni kule kwenye pipa tu. Ila ukishaifungua hewa inaingia, na kila ukimimina wiski inapungua hewa inaongezeka, na kilevi nacho kinatoka taratibu pamoja na zile harufu nyepesi nyepesi. Ndo maana chupa iliyojaa ukiifunga vizuri inakaa miaka bila shida lakini yenye robo miezi michache tu unaanza kuona tofauti. Watu wanasema akiba haiozi, sawa, ila hii ya chini ya chupa inapauka.

Msimamo wangu ndo huo, toti ya mwisho inywewe ingali na nguvu zake. Karibuni.

#2

Mkuu umegusa penyewe. Mimi ni mtu wa rai, bourbon nakunywa ila moyo uko huku. Rittenhouse ile ya asilimia 50, lebo imeandikwa kabisa bottled in bond, ambayo kwa wasiojua ni sheria ya Marekani ya 1897, ilitungwa kwa sababu enzi hizo wiski ilikuwa inachakachuliwa sana. Ili uruhusiwe kuandika hivyo lazima wiski yote iwe imetoka kiwanda kimoja, msimu mmoja, imekaa kwenye ghala linalosimamiwa na serikali si chini ya miaka 4, na inawekwa chupani kwa asilimia 50 kamili.

Yangu ya mwisho nilimalizia kwenye Manhattan, ile kokteli ya wiski na vermouth (mvinyo wenye viungo), najua kuna watu hapa watanuna. Lakini hii wiski ndo ilinifundisha Manhattan, kila mgeni aliyekuja kwangu niliyempenda nilimtengenezea hiyo, sa inakuwaje toti ya mwisho niinywe kavu kama vile hatujawahi kuishi hivyo? Nikatengeneza kwa utulivu, pilipili manga ya rai ikapenya kwenye ule utamu wa vermouth, mdalasini, kwa mbali kakao. Niliridhika kabisa.

#3

Mimi langu ni la baba mkwe. Mzee alikuwa mtu wa bourbon ya Wild Turkey 101 tu, hataki kusikia nyingine, ukimletea zawadi ya bei mbaya anakushukuru vizuri halafu anaiweka kabatini kwa ajili ya wageni. Alipotutoka tukakuta kwenye kabati lake chupa imebaki kama vidole viwili, na hakuna anayejua ilifunguliwa lini, kizibo kimelegea hata hakibani.

Shemeji zangu wakagawanyika, mmoja anataka ihifadhiwe hivyohivyo kama kumbukumbu, mwingine anasema mzee hakuwahi kuweka wiski ya kuangalia. Mama mkwe ndo akaamua, akaleta glasi ndogo ndogo, kila mtoto wake na sisi wakwe tukapata tone tone.

Kiukweli ilikuwa imechoka. 101 ni asilimia 50.5, ikiwa nzima inakukaba kwanza ndo inakuachia utamu, na wale jamaa wanaunguza mapipa yao kwa kiwango cha juu, namba 4, kwa hiyo kuna ule weusi wa sukari iliyoungua. Hii yetu ukali ulikuwa umeondoka, imebaki mbao na kama asali iliyozimuliwa. Lakini hakuna aliyeacha hata tone. Mke wangu akasema hiyo ndo harufu ya shati la baba akirudi jioni, na kuanzia hapo hadithi zikafunguka, watu wakacheka mpaka wakalia. Sasa nakubaliana na mwenye uzi kuhusu ladha, ila naongeza kwamba kuna toti ambazo haziangaliwi kwa ladha.

#4

Mimi nafanya tofauti na nyie wote, simalizi. Nina chupa moja kubwa, kila bourbon ninayoipenda ikifika toti ya mwisho naimimina humo, na rai zina chupa yake ya pembeni. Imeshakuwa na Buffalo Trace, Old Forester, Old Grand-Dad, Maker's Mark na nyingine kibao, hiyo kitu haifanani na chochote unachoweza kununua.

Masharti yangu ni haya. Kwanza nachanganya kidogo kwenye glasi nione kama zinapatana kabla ya kumimina kwenye chupa, ikigoma basi nainywa peke yake. Pili chochote chenye ladha ya moshi hakiingii, tone moja la wiski ya moshi linatawala chupa nzima. Tatu napendelea kuongeza zenye kilevi kikubwa kwa sababu zinaipa uti wa mgongo. Na naandika nyuma ya chupa kila kilichoingia na mwezi wake.

#5

#4 nakuheshimu kaka ila mimi siwezi, na nakwambia kwa nini. Mimi nakunywa za pipa moja, yaani chupa imejazwa kutoka pipa moja tu bila kuchanganywa na mengine.

Chukua Blanton's. Ndo bourbon ya kwanza ya pipa moja kuuzwa sokoni kwa sura hii tunayoijua, 1984, kazi ya Elmer T. Lee, mtengenezaji mkuu wa wiski pale Frankfort, Kentucky. Ukiangalia lebo yake kuna tarehe pipa lilipomiminwa, namba ya pipa, herufi ya ghala, ambalo ni ghala H lenye kuta za bati, na rafu pipa lilipokuwa limelala. Sa fikiria. Pipa la bourbon ni galoni 53, kama lita 200 hivi. Linalala kwa miaka, joto likipanda wiski inasukumwa kuingia kwenye mbao, baridi ikija inarudi, kila mwaka kiasi kinapotea hewani, na pipa la ghorofa ya juu kwenye joto halitoki sawa na la chini hata kama yalijazwa siku moja kutoka tangi moja. Likishakomaa linamiminwa, zinapatikana chupa chache, basi. Lile pipa haliwezi kurudia bourbon tena kwa sababu sheria inataka chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani, kwa hiyo mapipa mengi yanaishia Scotland na kwingineko kukomazia vinywaji vya watu wengine.

Kwa hiyo toti ya mwisho ya pipa ulilolipenda inawezekana wewe ndo mtu wa mwisho duniani kuionja, na siwezi kuichanganya na kitu chochote, sitaki hata maji yaiguse.

Yangu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Four Roses ya pipa moja. Wale wana aina mbili za mchanganyiko wa nafaka, moja rai ni asilimia 20 nyingine 35, wanatumia hamira za aina tano, ukizidisha unapata mapishi 10, ila ile ya kawaida ya pipa moja wanatumia pishi moja tu lile la rai nyingi. Nimeshakunywa chupa zake nyingi, nzuri zote, ila hii moja pipa lake lilikuwa na kitu, pichi iliyoiva kabisa halafu mnanaa unakuja taratibu wakati umeshadhani imekwisha. Nilinakili namba ya ghala na namba ya pipa nikatafuta chupa ndugu yake kila mahali, sikupata. Kuinywa nilichagua asubuhi ya mapumziko, nimeshakunywa maji, sijala kitu chenye viungo, pua iko safi, simu nimezima. Niliinywa polepole sana aisee. Kuna kipande kidogo cha mkaa wa pipa kilikuwa kimetulia chini ya chupa muda wote, kikaja kwenye glasi na toti hiyo, nikakiacha humohumo.

#1, mwenye uzi

#5 hii imenifikisha mbali, asante sana. Na #4 sikupingi, zile zinazotoka kila siku sawa zimimine, ila ukipata ya pipa moja naomba uiache imalizike na jina lake.

#6

Yangu ni bourbon ya Henry McKenna ya miaka 10. Nilikuwa nainunua kama maji, haina foleni haina makelele. 2019 ikachukuliwa kuwa bora kuliko zote kule San Francisco World Spirits Competition, mashindano ya vinywaji vikali, na kuanzia hapo rafu ikawa tupu. Nilikuwa na nusu chupa nyumbani, kila mtu ananiambia itunze. Nikainywa kwa mwendo wangu uleule wa kila siku mpaka ikaisha siku ya Jumanne tu isiyo na sherehe yoyote, kwa sababu ndo ilivyokuwa inanywewa.

#7

Wakuu na mimi nichangie ingawa siku hizi sinywi kabisa, daktari alinikataza na nimemsikiliza. Wakati napewa hayo maneno nilikuwa na chupa ya bourbon ya Booker's imebaki toti moja ya kushiba. Ile haipunguzwi makali kwa maji, kilevi chake kinazidi asilimia 60, na haichujwi kwa ubaridi (kupoozwa kisha kuchujwa isiwe na ukungu) kama nyingi zinavyofanyiwa, ni kama umeitoa kwenye pipa na mkono. Nilivyoipenda hiyo kitu mnaweza kujua wenyewe.

Sikutaka kuimwaga na sikutaka ikae ndani inaniangalia. Rafiki yangu tuliyekuwa tunakunywa naye tangu ujana akaja, nikamwambia kaa hapo, unywe wewe, mimi nisimulie. Akanusa akaanza, karanga za kukaanga, vanila, sukari guru, anaongeza tone la maji anasema sasa imefunguka, kuna cheri imetoka. Nikawa namsahihisha, hapana subiri, ipe dakika mbili harufu ya tumbaku itakuja, akanyamaza kidogo akasema ni kweli imekuja. Yaani nilikuwa naijua kiasi kwamba niliimaliza kupitia mdomo wa mtu mwingine. Niliipenda jioni ile kuliko nyingi nilizokunywa mwenyewe, na rafiki yangu hadi leo hajawahi kunishawishi hata tone, namshukuru kwa hilo.

#3

#7 Mungu akutunze kaka, na huyo rafiki ni wa kushika mikono miwili.

#8

Naomba kuuliza kama inaruhusiwa kwenye uzi huu. Nina rai imebaki kama theluthi, sitaki kuimaliza sasa hivi kwa sababu dada yangu anarudi safari baada ya miezi kadhaa na tuliifungua pamoja. Shida kizibo kimekatikia ndani, vipande vinaelea. Nifanyeje isiharibike?

#5

Dada usijali, hiyo inaokoka. Tafuta vichupa vidogo vya kioo vyenye mfuniko wa kusokota unaobana, vioshe kwa maji moto viachie vikauke kabisa visiwe na harufu ya sabuni. Weka faneli, tandika karatasi ya kuchujia kahawa, ila karatasi uilowanishe kwanza kwa maji safi uyakamue ili isiipe wiski ladha ya karatasi. Mimina polepole, vipande vyote vitabaki juu. Jaza kila kichupa mpaka shingoni kwa sababu unachokimbia ni hewa, ni bora vichupa viwili vilivyojaa kuliko kimoja chenye nafasi. Viweke gizani mbali na joto, vikiwa vimesimama. Kulaza ni kwa mvinyo wa zabibu, wiski ina kilevi kikubwa inakula kizibo, huenda hata hicho chako kilikatika kwa sababu chupa ililazwa mahali kabla haijafika kwako.

#1, mwenye uzi

Na andika jina na tarehe kwenye kila kichupa, maana rangi zote zinafanana. Dada akirudi fungueni kimoja kwanza, mkiona iko vizuri basi hicho cha pili ndo toti yenu ya mwisho, halafu uje hapa utuambie ilikuwaje. Ni rai gani kwani?

#8

Pikesville, ile ya asilimia 55. Asanteni sana, kesho natafuta vichupa.

#2

Pikesville! Dada hiyo msiifanyie Manhattan, mninukuu.