Kuuza nyumba Nakuru: mwenyewe au kupitia ajenti?

MamaKiamunyi: Hamjambo? Tunauza nyumba ya vyumba vitatu huku Kiamunyi, hati iko kwa jina la mume wangu. Ajenti anataka asilimia 3. Tukiuza milioni 8, hiyo ni 240,000, karo ya watoto kabisa. Nani ameuza mwenyewe?

MkaaziLanet: Mimi. Bango getini, picha Facebook, basi. Simu zilikuja nyingi, ila nusu zilikuwa za mabroka wanaojifanya wanunuzi ili waongeze chao juu. Swali langu la kwanza lilikuwa: unalipa taslimu au kwa mkopo? Wa mkopo ni mtu mzuri pia, lakini jiandae kungoja benki yake.

Nyumbani_Mamboleo: Mama, mimi niko upande wa ajenti. Kazi iko Mombasa, nyumba ilikuwa Kisumu. Nani angewafungulia watu mlango kila Jumamosi? Ila awe amesajiliwa na bodi ya maajenti, na mwandikiane kwamba analipwa mauzo yakishakamilika. Akianza kuomba pesa ya mafuta ya kumleta mnunuzi, achana naye.

Wakili_Section58: Njia yoyote mtakayochukua, wakili ni lazima, na ajenti si wakili. Kwa kawaida mnunuzi hutoa asilimia 10 mkataba ukitiwa sahihi, kisha mnapeana kama siku 90 kumaliza. Hiyo asilimia 10 ikae kwenye akaunti ya wakili. Hati halisi msimpe mtu. Nakala inamtosha mnunuzi kufanya upekuzi wa ardhi, yaani kuangalia kwenye sajili mwenye nyumba ni nani. Mama, wewe pia utatia sahihi idhini ya mwenzi hata kama jina lako halimo. Malizeni reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, mpate cheti cha kuonyesha hamdaiwi. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, ni wa mnunuzi. Kodi ya faida mnayopata kwa kuuza ndiyo yenu: asilimia 15 tangu 2023. Lakini kama ndipo mlipoishi miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza, hamlipi.

MamaKiamunyi: Tuko humu tangu 2014! Asante sana wakili. Sasa bei ndiyo inanitatiza.

MkaaziLanet: Lipa mthamini aliyesajiliwa. Bei za matangazo ni za kuombea tu. Na ukiweka picha, usionyeshe namba ya hati. Matapeli huzitafuta hizo.

MamaKiamunyi: Kuna moja nimeweka jana inaonekana. Naifuta sasa hivi.