Grifol atimuliwe, sawa. Lakini msiniambie vipigo 21 ni vyake peke yake

Wakuu, naandika hapa nikiwa na hasira, nikiteleza mnivumilie. Ni saa tano na kitu usiku saa za Chicago, mechi ya besiboli dhidi ya Oakland imeisha sasa hivi, sisi wa Chicago White Sox tumepigwa 5-1. Kipigo cha 21 mfululizo. Tangu tarehe 10 Julai hatujui ushindi una ladha gani, na leo ni tarehe 5 Agosti 2024. Jirani yangu wa ghorofa ya juu kajifungua katikati ya balaa hili. Mtoto kitovu kimedondoka, jina kapewa, nywele kanyolewa, na hajaishi hata siku moja ambayo White Sox wameshinda.

Kwa wale wa soka tu: huku hakuna sare. Huwezi kupaki basi ukaondoka na pointi moja. Msimu una mechi 162, mnacheza karibu kila siku, na hata timu mbovu kabisa huokota ushindi mara mojamoja kwa sababu tu mrushaji wa wenzenu (yule anayemtupia mpigaji mpira) kaamka vibaya. Kupoteza 21 bila kujikwaa kwenye ushindi hata mmoja kunahitaji juhudi. Tumeshinda 27, tumepoteza 88. Hii ndiyo hali yetu usiku huu.

Sasa tuje kwa Pedro Grifol, kocha wetu (besiboli wanamwita meneja, kazi ni ileile). Wiki nzima mashabiki wamegawanyika, nusu wanataka kichwa chake, nusu wanasema mwacheni, ataifanyia nini timu isiyo na wachezaji. Mimi nasema atimuliwe, tena kesho asubuhi kabla hajanywa chai. Ila sababu zangu si zenu.

Jamaa alichukuliwa mwishoni mwa 2022 akitokea benchi la Kansas City Royals, hajawahi kuwa kocha mkuu kwenye ligi kuu hii hata siku moja. Sawa, kila mtu ana pa kuanzia. Msimu wake wa kwanza tukapoteza mechi 101. Kiangazi hichohicho mrushaji Keynan Middleton alihamishiwa Yankees, na alipofika kule akafungua mdomo: White Sox hakuna sheria, chipukizi wanalala kule wanakokaa warushaji wa akiba huku mechi inaendelea, watu wanakosa vikao na hakuna wa kuwauliza. Hebu niambieni, kuna bajeti gani inayohitajika ili kumwamsha kijana aliyelala kazini? Hapo usinitajie uchache wa wachezaji. Hata mlinzi wa ghala letu la mizigo, ambaye hana cheo chochote, ukimkuta dereva kasinzia anagonga dirisha.

Halafu mwaka huu, Mei, baada ya kipigo kimoja mbele ya Baltimore Orioles, akasimama mbele ya waandishi akasema timu imepoa, haina uhai. Sasa baba, uhai wa timu unaletwa na nani, muuza karanga?

Watani zangu wa Msimbazi watanielewa. Tarehe 5 Novemba mwaka jana Simba alikula tano kwa moja kutoka kwa Yanga. Kocha wao Robertinho kabla ya hapo alikuwa hajapoteza mechi ya ligi msimu ule. Siku mbili baadaye hakuwa na kazi. Nilisema wakati ule kwamba wamekurupuka, na mpaka leo naamini hivyo. Lakini angalau yule shabiki aliyelia pale Kwa Mkapa alijua kuna mtu ofisini kaumia kama yeye. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Sidhani Grifol akiondoka tutashinda. Nataka atimuliwe kwa sababu kumwacha pale baada ya vipigo 21 ni kutuambia sisi tunaolipa viingilio kwamba hakuna kilichotokea.

Mnaosema akitoka mambo yatanyooka, nendeni mkasome ya Baltimore Orioles 1988. Walianza msimu kwa kupigwa mechi sita, wakamfukuza kocha wao Cal Ripken mkubwa, tena na wanawe wawili wakiwa wachezaji wa timu ileile. Akaletwa Frank Robinson, gwiji hasa, mtu wa heshima zake. Akapoteza 15 mfululizo! Jumla 21, rekodi ya American League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu) ambayo sisi tumeifikia usiku huu. Na mnajua walimfunga nani ndipo mkosi ukakatika? White Sox. Hapahapa Chicago, 9-0. Sisi ni watu wa kuwatoa wenzetu kwenye shida.

Kwa hiyo yule kocha ni tatizo, lakini ni tatizo dogo la nyumba kubwa iliyooza paa. Dylan Cease, mrushaji wetu bora, alipelekwa San Diego mwezi Machi, wiki mbili kabla ya msimu kuanza. Tarehe 25 Julai, sisi tukiwa katikati ya msiba huu, akarusha mechi nzima dhidi ya Washington bila mpigaji yeyote kupata hiti, yaani pigo la kumfikisha kituoni. Nilikuwa nimeegesha lori kituo cha mafuta Indiana, nikasikia redioni, nikakaa kimya. Lucas Giolito na Lance Lynn waliondoka mwaka jana. Wiki iliyopita wameondoka Erick Fedde, Michael Kopech na Tommy Pham kwa mpigo mmoja. Waliobaki nao, Jiménez, Robert na Moncada, wote watatu waliumia kabla Aprili haijafika katikati, na Jiménez naye sasa kashapelekwa Baltimore. Ukimpa Grifol daftari la majina lile, hata mganga wa Sumbawanga angeomba likizo.

Na bahati nayo haitutaki. Mnaikumbuka ile ya tarehe 23 Mei? Awamu ya tisa, ya mwisho, tulikuwa nyuma 8-2, tukafufuka mpaka 8-6, wenzetu wawili wapo vituoni, mmoja tu katolewa (wakitoka watatu zamu imekwisha). Mpigaji wetu Benintendi akapiga mpira juu, mwepesi, wa kudakwa na mtoto. Mwamuzi akatangaza kwamba mpigaji ametoka, kanuni ndivyo ilivyo. Kisha akamtoa na Andrew Vaughn, eti kamzuia mdakaji njia, ilhali jamaa alikuwa anarudi kwenye kituo chake na mpira ukadakwa bila shida yoyote. Wawili kwa mpigo, mechi imekwisha, watu wamesimama wanaulizana kama tunaenda nyumbani au vipi. Ile siku kama ningekuwa Grifol ningelala katikati ya uwanja mpaka polisi waje.

Sasa mwenye nyumba. Jerry Reinsdorf, mzee wa miaka 88, ana timu hii tangu 1981. Ana na Bulls pia, ndiyo, ile Bulls ya Jordan, mataji sita. Tunamheshimu kwa hayo na kwa ubingwa wa 2005. Lakini mkataba mkubwa kuliko yote aliowahi kumpa mchezaji wa White Sox ni dola milioni 75, huyohuyo Benintendi. Desemba iliyopita Dodgers wa Los Angeles wamempa mchezaji mmoja, Ohtani, milioni 700. Sisemi tushindane na Dodgers. Nasema huu ni mji wa tatu kwa ukubwa Marekani, si kijiji.

Mwaka 2020 alipotaka kocha, akamwendea rafiki yake Tony La Russa, mzee wa miaka 76 ambaye alikuwa hajafundisha tangu 2011, kwa sababu tu alikuwa anajutia kwamba walimfukuza mwaka 1986. Yaani timu ya watu inatumika kulipia deni la moyo. Mwaka jana kawafukuza vigogo wake wawili waliosimamia masuala ya timu, Ken Williams na Rick Hahn, tukapiga vigelegele, siku tisa baadaye kampandisha Chris Getz aliyekuwa humohumo ndani ashike nafasi yao, bila hata kutazama nje ya mlango.

Na bado ana uso wa kwenda Springfield, makao makuu ya jimbo letu la Illinois, mwezi Februari kuomba dola zipatazo bilioni moja za umma ajengewe uwanja mpya! Huu wa sasa wa mtaa wa 35 nao ulijengwa kwa fedha za umma, zilizopitishwa mwaka 1988 alipotishia kuihamishia timu Florida. Wabunge wa Illinois walisimamisha saa ya ukutani ili wapige kura wakijifanya bado usiku wa manane haujafika. Saa ilisimamishwa kwa ajili ya uwanja. Kwa ajili ya timu hakuna anayesimama.

Kuna watu mtaniuliza, wewe Mtanga besiboli umeipata wapi. Niliingia mji huu Novemba 2004, baridi imenitoa machozi, kazini kuna mzee wa Kimeksiko ana redio ndogo. Kiingereza changu kibovu, chake kibovu, tukaelewana kwa White Sox. Mwaka uliofuata wakachukua ubingwa wa dunia, wa kwanza tangu 1917, wakamfagia Houston nne bila. Nikadhani ndivyo inavyokuwa kila mwaka! Yule mzee alikuwa amengoja maisha yake yote, mimi nikala embe bila kupanda mti. Labda sasa ndiyo nalipia.

Msiniambie nihamie Cubs, timu nyingine ya mji huu. Atakayeandika hivyo hapa chini simjibu.

NYONGEZA, 8 Agosti: Haya, katimuliwa. Jumanne tulishinda 5-1 palepale Oakland, Jumatano tukapigwa tena, leo asubuhi Getz kamtoa Grifol na wasaidizi wake watatu. Msimu huu anaondoka na ushindi 28 kwa vipigo 89. Msimu uliobaki kapewa Grady Sizemore, ambaye kazi ya ukocha ndiyo kwanza kaanza mwaka huu. Mkuu uliyeniandikia kwamba "sasa utaona tofauti", nimehifadhi maneno yako.

NYONGEZA, 27 Septemba: Detroit wametufunga 4-1 na kukata tiketi ya mchujo kwa mgongo wetu. Tumepoteza ya 121. Hakuna timu ya zama hizi iliyowahi kufika huko, Mets wa 1962 waliishia 120. Wiki hii nyumbani watu walikuja uwanjani makusudi waishuhudie rekodi, wakaimba mwenye timu aiuze, na White Sox kwa ukaidi wao wakawafunga Angels mechi zote tatu.

Sasa wewe mkuu wa "utaona tofauti", njoo tuhesabu. Grifol kashinda 28 katika mechi 117. Sizemore mpaka usiku huu kashinda 11 katika 43. Huyu moja kati ya nne, yule moja kati ya nne. Reinsdorf hakuna aliyemhesabia.