MJADALA: BMW 40%, Yamaha 11%. Sisi Malindi twatetea piki au twatetea pesa zetu?

Mwana Maweni: Wazee wa piki salaam aleikum. Nimesoma ile hesabu ya 2015 ya jarida la Marekani, Consumer Reports, waliuliza wenye pikipiki zaidi ya elfu kumi, wakaangalia ngapi zinaharibika ndani ya miaka 4. Yamaha 11%, Suzuki na Honda 12%, Kawasaki 15%, Harley-Davidson 26%, BMW 40%. Kilichonishika ni hiki: wenye Harley 72% walisema wangeinunua tena, wa Honda 70%. Yaani Harley yaharibika mara mbili ya Honda, na bado yapendwa kuishinda! Na sisi je? Mtu akiisema vibaya Boxer au TVS yako mbona damu yachemka?

Baba wa Shela: Hapo kwa "pesa zetu" umekosea ndugu yangu. Boxer yangu ina miaka sita, imenilipia karo ya watoto wawili. Nikiisifu naisifu kwa haki yake.

Mwana Maweni: Sijasema ni mbovu mzee wangu.

Baba wa Shela: Umesema natetea pesa. Ni yaleyale.

Dereva Watamu: Na Ducati nakumbuka ilikuwa thelathini na kitu. Lakini hizo ni piki kubwa jamani, umeme mwingi, mikorogo mingi, mwalinganishaje na silinda moja inayopozwa na upepo? Halafu tuambiane ukweli, wanaolia kila siku chapa fulani yaoza ni hawa wenzetu wa Gongoni, wabeba magunia ya chumvi mchana kutwa, jioni waosha piki kwa maji ya kisima. Hapo chapa ina kosa gani?

Mtu wa Gongoni: Wee wa Watamu unaendesha lami tupu wabeba wageni wenye begi moja, leo wanifundisha kuosha piki? Kisima ndicho tulicho nacho! Jerikeni ya maji matamu twanunua, ninywe mimi au inywe piki?

Dereva Watamu: Sikukutukana, nimesema maji.

Mtu wa Gongoni: Umesema "hawa wenzetu wa Gongoni". Hiyo chumvi mnatilia samaki wenu nani anaibeba?

Mama Boda Ganda: Jamani, yakhe wa Gongoni ana haki yake. Mimi nina piki mbili nimewapa vijana, chapa ni moja, zimenunuliwa mwezi mmoja, ya Ganda cheni yafika mwaka na ya Gongoni yaisha kabla ya miezi mitano. Kijana wa Gongoni ndiye mwangalifu kuliko mwenzake wallahi, kila asubuhi yuko na oili na kitambaa.

Fundi wa Stendi: Nitasema ninachokiona kwa macho. Piki ya kule kwa chumvi ikija nachukua spana nagonga spoki mojamoja. Nzima yalia "ting", iliyoliwa yatoa sauti imekufa kama kijiti, na pale spoki inapoingia kwa rimu kuna unga mweupe. Waya nikiivua plastiki shaba ni kijani. Huo ni unyevu na chumvi, hauulizi kama piki yatoka India au Japani. Na maji ya kisima yakikauka yaacha chumvi yake palepale ndani ya cheni, ukipaka oili juu asubuhi umeifunikia chumvi ndani. Afadhali ufute kwa brashi na dizeli, maji usitie kabisa.

Baba wa Shela: Dizeli yaharibu raba fundi.

Fundi wa Stendi: Kwa brashi ndogo mzee, kwa cheni tu. Sikusema uiogeshe.

Mtu wa Gongoni: Fundi huyu amenena bila kunidharau. Ningeambiwa hivi tangu juzi.

Dereva Watamu: Basi nisamehe ndugu, niliteleza mdomo.

Mwana Maweni: Mimi bado nauliza: hiyo hesabu ya Marekani, mbona hawakuuliza piki yalala wapi? Iliyo ndani ya gereji na inayolala nje upepo wa bahari ukiipiga zatiwa kapu moja?

Mama Boda Ganda: Fundi, hiyo brashi ya cheni ni ya nyuzi za chuma au ya plastiki?

Fundi wa Stendi: Plastiki mama. Ya chuma yakwangua. Njoo nayo ile ya Gongoni kesho baada ya adhuhuri, na kijana mwenyewe awepo aone.