Re: Dipoziti ya nyumba: nimwandikie Gavana?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nimehama nyumba ya kupanga hapa Irving, Texas, na mwenye nyumba amekalia dipoziti yangu zaidi ya mwezi, simu hapokei. Mtu wa kanisani kaniambia niandike kwa Gavana, Austin. Ndivyo wanavyofanya huku? Kama si yeye, ni nani?

Dada wa Irving

---

Marahaba mdogo wangu. Kwa Gavana utapata jibu la adabu, hela hutaiona. Tuliotoka nchi ambazo rais akikohoa mawaziri wanainuka tunadhani Gavana ndiye bosi wa wote. Texas sivyo. Luteni Gavana, Mwanasheria Mkuu, Mdhibiti wa Fedha, Kamishna wa Ardhi na Kamishna wa Kilimo, kila mmoja huchaguliwa kivyake kwa miaka 4, na Gavana hana uwezo wa kumfukuza hata mmoja. Wakenya mmezoea naibu gavana anayeingia kwa tiketi ya mkubwa wake. Huku Luteni Gavana anaomba kura zake mwenyewe, ndiye mwenyekiti wa Seneti ya jimbo na ndiye anayepanga kamati. Ukitaka kujua muswada umekufa wapi, mara nyingi anza hapo.

Sasa dipoziti. Sheria inampa mwenye nyumba siku 30 za kukurudishia tangu ulipoondoka, mradi umempa anwani yako mpya kwa maandishi. Meseji ya "kaka vipi hela yangu" haitoshi. Andika barua, itume kwa posta ile ya kusainiwa, tunza risiti na picha za nyumba ulivyoiacha. Akikaa kimya, fungua madai kwa JP (Justice of the Peace, hakimu wa madai madogo) wa eneo lako. Huyo naye kachaguliwa na wananchi, ila ni wa ngazi ya kaunti, na husikiliza madai hadi dola 20,000. Si lazima uwe na wakili.

Mwanasheria Mkuu anapokea malalamiko ya wateja, lakini si wakili wako binafsi. Ofisi yake ndiyo inayofuatilia pia matunzo ya watoto. Baadhi ya kaka zetu humu wanaijua vizuri mno, sitaji mtu.

Mzee wa Katy

---

Mzee kamaliza, naongeza kidogo kuhusu nani wa kumwendea kwa mambo mengine. Mnaopika pilau za harusi kwa kuuza: kibali cha kukusanya kodi ya mauzo kinatolewa na Mdhibiti wa Fedha, bure. Jimbo linachukua asilimia 6.25, na ukijumlisha ya mji haivuki 8.25. Hiyo hela si faida yako, iweke kando.

Tume ya Reli, ambayo makamishna wake 3 wanachaguliwa pia, haina habari na treni. Kazi yake ni mafuta, gesi na mabomba. Bili ya umeme usiipeleke huko. Tume ya umeme ni nyingine, na wajumbe wake wanateuliwa na Gavana.

Wenye Green Card: kaunta ya leseni ya udereva wakikuuliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura, jibu ni hapana. Kura ni ya raia tu, na kujidai raia kunaweza kukufukuzisha nchini. Ila mbunge wa jimbo mpigie hata kama hupigi kura. Bunge lenyewe kwa kawaida hukaa siku 140 tu, miaka ya witiri, lakini ofisi yake iko wazi muda wote, na leseni iliyokwama huwa wanaifuatilia.

Mama wa Arlington